Ilani Nyekundu si Hati ya Kukamata: Dhima ya Msamiati katika Haki ya Mtu

Miongoni mwa kauli zinazotamkwa kwa wepesi mno katika taarifa za habari za Kiswahili ni ile isemayo kwamba "Interpol imetoa hati ya kumkamata" fulani. Asikiaye hudhani kwamba kuna mahakama ya dunia iliyokwisha kuupima ushahidi na kutoa amri. Dhana hiyo haina msingi. Msimamo wangu katika makala haya ni kwamba msamiati tunaoutumia umewapa polisi mamlaka wasiyo nayo na kumnyima mtu haki aliyo nayo, na kwamba kuurekebisha ni jukumu letu wanafunzi na walimu wa Kiswahili sawa na lilivyo jukumu la mawakili.

Hebu kwanza tuieleze ilani yenyewe. Interpol ni jumuiya ya polisi wa nchi 196, na makao yake makuu yako Lyon, Ufaransa. Haina mahakimu wala askari wa kumtia mtu pingu. Nchi mwanachama ikimtaka mtu, hupitia ofisi yake ya kitaifa ya Interpol na kuiomba Sekretarieti Kuu iwatangazie wanachama wote kwamba mtu huyo atafutwe, na akipatikana azuiliwe kwa muda huku maombi ya kumrejesha yakitayarishwa. Tangazo hilo ndilo liitwalo ilani nyekundu. Hati ya kukamata iliyo nyuma yake ni ya nchi iliyoomba, si ya Interpol. Kila nchi nayo huamua, kwa mujibu wa sheria zake, uzito wa kuipa ilani hiyo. Aidha, ilani nyingi hazitangazwi hadharani. Yamkini mhusika asijue lolote hadi anapozuiliwa kwenye uwanja wa ndege.

Kifungu cha 3 cha katiba ya Interpol ya mwaka 1956 kinaikataza kabisa kujiingiza katika masuala ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi. Hata hivyo, ombi lenye sumu ya siasa laweza kuvikwa joho la jinai. Sisi wa fasihi tuna mfano wetu. Mwandishi Doğan Akhanlı, mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa raia wa Ujerumani, aliandika juu ya mauaji ya halaiki ya Waarmenia. Mwaka 2010 alikamatwa Istanbul kwa tuhuma za wizi wa mabavu uliotukia mwaka 1989. Aliachiliwa huru na mahakama mwaka 2011, kisha uamuzi huo ukatenguliwa mwaka 2013. Agosti 2017, akiwa likizoni Granada, Uhispania, alikamatwa kwa ombi la Uturuki lililopitia Interpol. Akazuiwa kuondoka nchini humo kwa takriban miezi miwili, hadi serikali ya Uhispania ilipokataa kumrejesha Uturuki. Mwaka uliofuata, mwanakandanda Hakeem al-Araibi wa Bahrain, aliyekuwa mkimbizi nchini Australia, alizuiliwa Bangkok kwa ilani iliyokiuka sera ya Interpol yenyewe ya kuwalinda wakimbizi. Ilani ilifutwa baada ya siku chache, lakini yeye alikaa kizuizini hadi Februari 2019.

Je, mtu aliyepatwa na mkasa kama huo afanye nini? Ipo Tume ya Kudhibiti Majalada ya Interpol, ambayo maamuzi yake huifunga Interpol. Mtu yeyote, yeye mwenyewe au kupitia wakili, aweza kuiandikia bila malipo. Aweza kuuliza ni habari zipi zake zilizohifadhiwa. Ombi likikubalika, hujibiwa katika muda wa miezi 4. Aweza pia kuomba zirekebishwe au zifutwe, nalo ombi hilo huamuliwa katika muda wa miezi 9. Hoja zake zaweza kuwa kwamba kesi ni ya kisiasa, kwamba amepewa ukimbizi kwa kuihofia nchi hiyohiyo inayomtaka, au kwamba hati ya nchi hiyo imekwisha kufutwa. Dolkun Isa, kiongozi wa Wauyghur walio uhamishoni, alifutiwa ilani yake mwaka 2018. Hata hivyo, ilani ikifutwa, hati ya nchi iliyoomba haifi. Isitoshe, barua kwa Tume huandikwa kwa Kiarabu, Kifaransa, Kihispania au Kiingereza. Kiswahili hakimo.

Hapa nyumbani, Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu katika lugha anayoielewa, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haiketi. Lakini ataelezwaje, ikiwa lugha anayoielewa inaiita ilani hati?

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwatetea wahalifu, na kwamba ilani hizi zimewanasa watu kama Félicien Kabuga, aliyekamatwa karibu na Paris mwaka 2020 baada ya kutafutwa kwa zaidi ya miaka 20. Siipingi kazi hiyo. Bali hata Kabuga alikamatwa akiwa mshtakiwa, na kesi yake ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya afya yake kabla hajahukumiwa. Kiswahili kina ngazi zake: mshukiwa, mshtakiwa, mfungwa. Mwandishi anayemwita mshukiwa "mhalifu" amezipanda zote kwa hatua moja. Vivyo hivyo kitenzi "kusaka", ambacho ni cha wawindaji, humgeuza mtu kuwa windo. Methali isemayo lisemwalo lipo hutusaidia katika mengi, lakini si kanuni ya ushahidi.

Napendekeza basi kwamba "ilani nyekundu" iwe istilahi yetu, na kwamba "hati ya kukamata" iachiwe mahakama. Wanaosomea tafsiri na uanahabari waanze nayo darasani, na wahadhiri waisisitize wanaposahihisha kazi zetu. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sehemu ya haki hiyo ni kutajwa kwa jina linalomstahili.