Mrututu Si Dawa ya Tangi

Mwandishi mwenzetu ameshauri tumwage mrututu kila tangi la samaki linapogeuka kijani. Ni kweli mwani utakufa. Lakini shaba iliyomo kwenye mrututu huua konokono na kudhuru mimea, na mwani uliokufa huoza, ukamaliza oksijeni na kuzalisha amonia. Maji ya visima vyetu Ukunda hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakajaa chokaa. Katika maji ya namna hiyo amonia huwa sumu kali zaidi.

Anauita mwani uchafu. Mbona mbuna wa Ziwa Nyasa, jamaa za perege, huishi kwa kuukwangua miambani? Futa wa kwenye kioo, wa kwenye mawe waachie samaki.

Chanzo ni mwanga mwingi na mabaki ya chakula. Ondoa tangi dirishani, washa taa kwa muda wa saa 8 tu kwa siku, lisha kidogo, badilisha robo ya maji kila wiki. Panda valisineria, inayomea hata Ziwa Tanganyika: huvumilia chokaa na kumnyang'anya mwani riziki. Anayemwaga mrututu huku jua likipiga kioo anamtajirisha muuza dawa tu.