Kiti cha wawili, ngazi ya nyumba

Mwezi huu tuongelee fanicha, maana vyumba vya kupanga vya Musoma na Bunda hugombanisha wapendanao kwa nafasi tu. Huyu anataka kiti, yule anataka ngazi ya kubadilishia balbu. Kumbe kitu kimoja kinatosha!

Wala si kipya. Mwaka 1811 Morgan & Sanders wa London waliuza kiti cha maktaba kinachogeuka ngazi. Ukikumbuka Mwalimu Nyerere naye alikuwa na maktaba yake Butiama, utaelewa wapenda vitabu walikitakia nini.

Kiti hukatwa vipande viwili, vikaunganishwa kwa bawaba imara ukingo wa mbele wa kikalio. Ukivuta egemeo kuja mbele, nusu ya nyuma inapinduka na vidato 4 vinatokea. Mwambie fundi seremala atumie mninga mkavu, maana mbao mbichi hupinda. Bawaba zifungwe kwa skrubu, si misumari, na liwepo komeo.

Mimi na mwenzangu tulikwenda wote kwa fundi. Nilitaka mto laini ulioshikizwa kabisa. Yeye akauliza, "Na nikipanda, nikiteleza je?" Tukaafikiana mto wa kutoa. Jamani, mwenzako akiuliza hivyo habishi, anaomba usalama wake uhesabike.

Kabla hujamlipa fundi, pandeni kwa zamu, mmoja akishika. Kikitikisika, kirudi kwenye randa. Tukutane mwezi ujao!