Saa Sita Usiku Si Kipimo

Mgonjwa anayesubiri upasuaji huzuiwa kula na kunywa kwa sababu nusukaputi, yaani usingizi mzito unaoletwa na dawa, hudhoofisha kinga ya njia ya hewa, hivyo chakula au tindikali inayopanda kutoka tumboni yaweza kuingia mapafuni na kuua. Hatari hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 1946 na Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, na katika miaka iliyofuata amri ya kutotia chochote kinywani baada ya saa sita usiku ikawa mazoea ya wodini. Hata hivyo, daktari wa upasuaji Joseph Lister alikwisha kutenganisha chakula kigumu na vinywaji mwaka 1883, aliposhauri tumbo lisiwe na chakula kigumu lakini akaruhusu kikombe cha chai takriban saa 2 kabla ya dawa ya usingizi ya klorofomu.

Mwongozo wa chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, uliotolewa mwaka 1999 na kuhuishwa baadaye, unaruhusu vinywaji angavu, kama vile maji na chai ya rangi, hadi saa 2 kabla ya usingizi, maziwa ya mama hadi saa 4, na mlo mwepesi au maziwa mengine hadi saa 6, ilhali vyakula vya mafuta huhitaji saa 8 au zaidi. Kwa kanuni hiyo, uji na chai ya maziwa havihesabiwi kuwa vinywaji angavu, ingawa hunywewa kikombeni.

Makala haya yanahusu pengo lililopo kati ya kuijua kanuni hiyo na kuitekeleza. Daktari anayeifahamu vyema bado huweza kuandika amri moja kwa wodi nzima, kwa kuwa orodha ya upasuaji hubadilika na dharura hutangulizwa. Matokeo yake, mgonjwa wa mwisho hushinda na kiu hadi alasiri, na mtoto mdogo huweza kupungukiwa na sukari ya damu. Kwa hiyo semina pekee hazitoshi. Kufunga kunapaswa kuandikwa kama dawa inavyoandikwa, kwa kila mgonjwa na kwa saa yake, na orodha inapobadilika wodi ijulishwe ili mgonjwa apewe maji, isipokuwa wale ambao tumbo lao huchelewa kutoa chakula, ambao saa zao huamuliwa na mtaalamu wa usingizi. Hospitali isiyoweza kutaja saa ambayo mgonjwa alikunywa maji mara ya mwisho haiwezi kudai kwamba inaufuata mwongozo.