Kwa nini kila kitu chetu kiko sakafuni?

KIBARAZA CHA HADIJA MBONDE

Maji ya Kigogo hayapigi hodi mlangoni. Huanzia chooni. Usiku ule wa Aprili 2024 nilikuwa nimelala kwa dada yangu, kule chini kuelekea Mto Msimbazi, nikasikia tundu la choo linabwabwaja kama chungu cha maharage. Kufumba na kufumbua kandambili zinaelea koridoni. Shemeji aliruka kitandani, moja kwa moja kwenye televisheni. Akaitwika kichwani, akaipeleka kwa jirani mwenye ghorofa. Safari ya pili akachukua redio na spika zake. Ya tatu haikuwapo, maji yalishafika kiunoni na sisi wengine tulikuwa juu ya meza na watoto.

Maji yalipopungua, televisheni iliwaka vizuri tu. Lakini chini ya godoro tulikuta bahasha ya kaki imegeuka uji: vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, na ile karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Ndoo ya unga ilikuwa na maji juu na ugali mbichi chini. Mkaa umekuwa tope. Kiberiti, msiniulize. Na kilichoniuma kuliko vyote, watu saba tulioloa mpaka mifupa, tumezungukwa na maji kila upande, hatukuwa na kikombe kimoja cha maji ya kunywa.

Simlaumu shemeji. Mtu akikurupushwa saa tisa usiku, mkono hukimbilia kile jicho linachokiona kila siku, na televisheni ndiyo iliyokaa mbele ya macho yetu. Vyeti vinakaa gizani chini ya godoro, mahali ambapo maji hufika kabla ya binadamu kuamka. Dada alihangaika miezi kuvirudisha. Leo kituoni kutafuta taarifa ya upotevu, kesho ofisi ya vyeti, keshokutwa kumsaka shahidi wa mauziano ambaye naye alishahamia mkoani. Mpaka ninapoandika, karatasi ya kiwanja haijapatikana.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mrufiji wa bondeni, na angetucheka. Watu wa bonde la Rufiji wameishi na mafuriko tangu enzi. Mto ukifurika unaacha rutuba, na kwenye udongo ule unyevunyevu hupandwa mazao ya mlao baada ya maji kujiondokea. Kwao gharika ilikuwa mgeni anayekuja na zawadi, ila ni mgeni asiyefaa kukutwa umelala chini. Kwa hiyo shambani walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi. Bibi alikuwa akilinda mpunga wake humo dhidi ya ndege, nyani na nguruwe, na humohumo alipika, akalala, akaweka chakula. Serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini bibi aliendelea kurudi kwenye dungu lake kila msimu. Nyumbani kijijini nako alikuwa na uchaga juu ya jiko. Mbegu, muhogo mkavu na samaki wa kukausha vilikaa juu, kwenye moshi, mbali na panya, mchwa na maji. Kilichokaa sakafuni ni mkeka na kuku anayeatamia.

Sisi wajukuu tumekuja mjini tukashusha kila kitu. Chumba kimoja Manzese au Tandale, kitanda, kabati la vyombo, na vingine vyote sakafuni: ndoo ya mchele, mtungi wa gesi, gunia la mkaa, sanduku la nguo, soketi ya kurefusha umeme inayotambaa kama nyoka. Tunaishi jiji ambalo limeona mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwapeleka wengine Mabwepande kuanza maisha upya, halafu tunapanga chumba kana kwamba mvua ni jambo la Bukoba.

Nimewahi kusoma orodha za wenzetu wa Ulaya na Marekani za vitu vya kuweka tayari kwa ajili ya dharura. Nyama ya kopo, blanketi la karatasi ya fedha, jenereta, mkoba maalumu wenye mifuko kumi na minane. Ni orodha nzuri kwa mtu mwenye stoo na gari la kuondokea. Kwa mama anayenunua mafuta ya kupima na mkaa wa kopo kwa Mangi kila jioni, ukimwambia aweke chakula cha wiki mbili unamtukana. Hana chakula cha kesho asubuhi. Ndiyo maana huwa sipendi semina za tahadhari zinazoanza na manunuzi. Anza na vile alivyonavyo tayari, uone vimekaa wapi.

Chukua msumari wa nchi sita, kamba ya katani, na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, ile ya rangi. Ndani ya ndoo weka vyeti vyote vya nyumba, kila kimoja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mshumaa au mpira, na nakala ya kitambulisho cha NIDA ya kila mtu. Weka na kiberiti kwenye chupa ya dawa iliyokauka, tochi na betri zake pembeni, funguo za akiba, namba za simu za watu watano zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, maana simu ikizima chaji hakuna mtu siku hizi anayekumbuka namba ya mama yake. Itundike ndoo kwenye boriti. Mwenye nyumba akikataza misumari, iweke juu ya kabati na kila mtoto anayejua kutembea ajue ilipo. Haijakugharimu mchele wa mwezi.

Halafu maji. Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu kwa sababu tunadhani maji ni suala la bomba. Mafuriko yakija, vyoo vya shimo na visima huchanganyika, na hapo kipindupindu hakihitaji mwaliko; wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wake wa Agosti 2015. Ukame ukija, bomba linakauka. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua tulipangiwa mgawo wa maji, na dumu likawa linauzwa kwa bei ya bwana harusi. Mtu mmoja kwa kunywa na kupika kidogo umhesabie lita 4 kwa siku. Familia ya watu watano ni lita 20, yaani dumu moja la njano kwa siku. Madumu matatu ni siku tatu. Ukiwa na nafasi ya kiti, una nafasi ya madumu matatu. Yaoshwe, yajazwe, yafunikwe, na kila Jumamosi maji ya wiki iliyopita yaogewe au yafuliwe, kisha ujaze mapya. Vidonge vya kutibu maji vinauzwa famasi kwa bei ya pipi. Soma maelekezo kwenye pakiti, subiri nusu saa, kunywa. Na pakiti nne za ORS zisikosekane. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, vitamshikilia mtoto anayeharisha wakati mnatafuta njia ya hospitali.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu mama wa Kiswahili hahitaji kufundishwa na gazeti kwamba dagaa wakavu hawaozi. Nitasema neno moja tu kwa wale wanaokaa milimani na kudhani habari hii ni ya watu wa bondeni. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoingia na mvua zake, barabara ya Kusini ilikatika eneo la Somanga, Kilwa. Mtu wa Mtwara ambaye hata tone halikumwagikia ndani alijikuta yuko upande usiofikiwa na malori. Janga halikuwa nyumbani kwake, lilikuwa kwenye daraja asilolijua. Kwa hiyo kilo mbili za ziada za unga, robo ya dagaa, karanga, chumvi na sukari vikae mahali pakavu, na sharti lake ni kwamba mgeni akija ghafla havimhusu. Muhimu pia kiwepo kitu kinachoweza kuliwa bila moto. Mkaa mwingi hausaidii kitu kama jiko limeondoka na maji.

Hela nayo. Tumekuwa watu wa simu, pesa yote imo kwenye namba ya siri. Mwisho wa Oktoba 2025, siasa yake niiache leo, wakazi wa Dar tuliamriwa kuwa ndani kuanzia saa 12 jioni, intaneti ikazimwa, maduka mengi yakashusha mageti. Jirani yangu alikuwa na laki tatu kwenye simu na mtoto wa miezi minne asiyekuwa na maziwa. Alizunguka kwa mawakala watatu. Wawili wamefunga, wa tatu hana floti. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua, anayeweka noti za elfu moja na mbili mbili kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Nawe weka elfu ishirini ya noti ndogondogo. Noti ya elfu kumi siku kama ile ni sawa na kutokuwa na hela, kwa sababu hakuna mwenye chenji.

Wenye wagonjwa wa presha, kisukari, kifafa, na wanaotumia ARV: dawa isisubiri kubaki kidonge kimoja ndipo mtu aende kliniki. Mwambie daktari unakaa bondeni, muulize kama anaweza kukuongezea za wiki mbili. Na insulini, umeme ukikatika siku mbili friji linakuwa kabati la kawaida. Mtungi wa udongo uliolowanishwa nje na kuwekwa kivulini una ubaridi wa kutosha kuihifadhi kwa siku chache, mradi kichupa kimefungwa kisiguse maji. Bibi yangu hakujua insulini lakini mtungi aliujua.

Najua swali linalokuja: hela ya kopo, ya vidonge na ya zile kilo mbili inatoka wapi? Jibu nililiona Mbagala, kwa akina mama wa kijumbe kimoja. Kwa miaka walicheza mchezo wa fedha, kila wiki mmoja anapokea. Baada ya mvua za 2024 wakaongeza mchezo wa pili, wa vitu. Kila mmoja anatoa elfu mbili kwa wiki, na anayepokea hapewi hela hata akilia. Anapelekewa nyumbani ndoo yenye mfuniko, madumu matatu, tochi, vidonge vya maji, unga na dagaa. Nilimuuliza kijumbe kwa nini hampi mtu hela akanunue mwenyewe. Akanitazama kama ninayetoka sayari nyingine. "Dada Hadija, hela ina miguu. Dumu halina."

Mwaka ule wa 2024 aliyekuwa Waziri Mkuu, Majaliwa, aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155, na zaidi ya watu 200,000 wameguswa. Karibu miezi mitano kabla, tope la Mlima Hanang lilikuwa limeshuka Katesh alfajiri ya Desemba 3, 2023, likaua watu zaidi ya 80. Kwa tope la namna ile hakuna ndoo inayosaidia, na nisingependa mtu yeyote asome safu hii akadhani msumari wa nchi sita utamwokoa na mlima. Kwa anayekaa kingo za Msimbazi, maandalizi makubwa kuliko yote ni kuhama, na hilo ni deni la serikali kabla halijawa la mama mwenye nyumba. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa, inayotaka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi za chini kabisa. Nenda ofisi ya mtaa wako uulize wajumbe wa kamati yenu ni akina nani na watawakimbiza wapi maji yakija. Ukijibiwa "tutakupigia", uliza tena wiki ijayo.

Wiki iliyopita nilipita kwa dada. Televisheni bado iko pale pale, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Juu yake, kwenye boriti, inaning'inia ndoo nyeupe. Shemeji ameandika ubavuni kwa wino mzito: USIGUSE. Mpwa wangu wa miaka sita alinionyesha anavyoweza kuifikia akipanda kiti, macho ameyafumba, kwa sababu baba yake huwafanyisha mazoezi umeme ukikatika. Vilivyo ndani ya ndoo ni nakala, vile halisi vimepelekwa kwa shangazi Kimara, mlimani.

Masika huja kila mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa angalizo, pandisha vitu na uzime swichi kubwa ya umeme kabla maji hayajagusa soketi. Ikitoa tahadhari kubwa na wewe uko bondeni, wapeleke watoto na wazee kwa ndugu mapema, kungali mchana. Mkikwama, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Na leo jioni, kabla hujalala, itoe ile bahasha chini ya godoro.