Samaki wa Vitshumbi anaanzia kwenye majani: tusimmalize kiboko

Kila ninapopita kwenye masoko yetu hapa Kivu ya Kaskazini, nasikia kilio kile kile cha wamama: samaki wa Vitshumbi wamekuwa wadogo na bei inapanda. Wengine wanalaumu vita, wengine wanalaumu nyavu zenye macho madogo. Wote wana haki. Lakini kuna mmoja tunayesahau kumtaja: kiboko.

Ndugu msomaji, usicheke. Nguvu yote iliyo ndani ya samaki unayekula na bugali imetoka kwa jua. Samaki hali jua. Ni mimea inayoshika mwanga wa jua na kuugeuza chakula. Kandokando ya Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, majani ya uwanda ndiyo yanafanya kazi hiyo. Usiku kiboko anatoka majini, anakula karibu kilo 40 za majani, na asubuhi anarudi ziwani. Humo mchana kutwa anatoa kinyesi.

Kinyesi kile ni mbolea ya ziwa. Wadudu wa majini na samaki wengine wanakila moja kwa moja. Kinachobaki kinaoza na kulisha mimea midogo sana, ile inayofanya maji yaonekane ya kijani. Tilapia anakula mimea hiyo, na sisi tunakula tilapia. Kwa hiyo kiboko ni mchukuzi: anabeba mali ya nchi kavu na kuishusha ziwani, usiku baada ya usiku, bila kudai franka hata moja.

Sasa tufanye hesabu. Katika miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kila mmoja akila kilo 40, hiyo ni zaidi ya tani 1,000 za majani kwa usiku mmoja. Si zote zilizofika majini, lakini sehemu kubwa ilifika. Kisha vita vikaja, na wenye silaha wa kila upande wakaua viboko kwa ajili ya nyama na meno. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, walibaki chini ya 1,000. Tani zaidi ya 1,000 zikawa chini ya 40. Shamba lililonyimwa mbolea namna hiyo, nani angeshangaa mavuno yakipungua?

Kuna jambo lingine tunalopaswa kuelewa. Chakula kinapopita kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, nguvu nyingi inapotea njiani, kwa kupumua, kutembea na joto la mwili. Kwa kawaida ni kama sehemu moja tu kwa kumi inayofika ngazi inayofuata. Ndiyo maana majani ni mengi, samaki ni wachache, na samaki wanaokula samaki wenzao ni wachache zaidi. Ziwa halina akiba ya kuchezea. Ukipunguza kidogo chini, pengo linasikika juu, na huko juu ndiko iliko sufuria yako.

Najua kuna atakayeniambia: kiboko anapindua mitumbwi, anaua watu, anaharibu mashamba. Ni kweli, na familia zilizofiwa hazistahili kujibiwa kwa maneno matupu. Simtetei kiboko kwa sababu watalii wanapenda kumpiga picha. Namtetea kwa sababu ya mvuvi wa Vitshumbi, wa Kyavinyonge na wa Nyakakoma. Anayeuza nyama ya kiboko anapata pesa mara moja. Kiboko aliye hai anarutubisha ziwa miaka 40.

Wala kiboko peke yake hatatuokoa. Hata ziwa likiwa na mbolea, tukivua vifaranga kwenye mazalio tunakata mti kabla haujazaa. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wenye bunduki, wawe nani, waache kuua viboko na waache kuuza ruhusa ya kuvua mahali palipokatazwa. Wenye mamlaka wachimbe mitaro ya kuzuia wanyama pale mashamba yanapopakana na mbuga, ili mkulima asibebe mzigo peke yake. Na sisi wanunuzi tukatae vifaranga sokoni. Kama hakuna anayewanunua, hakuna atakayewavua.

Wazee wa uvuvi wanajua haya bila darasa. Wanakwambia kwamba penye viboko ndipo penye samaki. Tuwasikilize wangali hai, na viboko wachache waliobaki wangali hai pia.