Trekta lipo, plau lipo, pini haziingiliani!



Juma lililopita nilishuka bonde la mto Luiche, hapo karibu na Ujiji, kutafuta habari ya mpunga. Nimerudi na habari ya pini.

Mzee mmoja alikuwa amekodi trekta awahi kulima kabla mvua hazijachanganya. Plau analo lake, dogo, alilinunua zamani kwa mtu aliyekuwa na trekta dogo. Trekta lililokuja ni kubwa. Kuunganisha, pini za plau zinacheza kwenye mikono ya trekta kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Dereva hakuhangaika. Alichukua kipande cha nondo, akakipitisha kwenye mkono wa juu, akakikunja ncha, kazi ikaanza. Raundi ya tatu plau likanasa kwenye kisiki, nondo ikakatika, nguzo ya plau ikalala mbele ikapiga ukingo wa kiti. Bahati dereva alikuwa ameegemea upande akitazama gurudumu. Angekuwa amekaa wima... malizieni wenyewe.

Watu wakaanza kutafuta mchawi. Mara dereva kalewa, mara plau bovu. Mimi nasema mchawi ni milimita sita.

Hata mimi sikujua mpaka fundi mmoja wa kuchomelea pale Mwandiga aliponichorea kwa chaki sakafuni. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu: miwili ya chini inayonyanyuliwa na haidroliki, na mmoja wa juu. Mpango huo tunadaiwa na Harry Ferguson, Mwairishi aliyeuhangaikia tangu miaka ya 1920. Zamani plau lilikokotwa tu nyuma, na likinasa, trekta liliweza kunyanyuka pua na kumlalia dereva. Kwa mpango wa Ferguson, plau likigoma, mkono wa juu unasukuma mbele na kulibana trekta chini. Kwa hiyo ule mkono uliotiwa nondo ndio uliokuwa unalinda roho ya dereva!

Sasa mikono hiyo ina saizi, na saizi ni za kimataifa, trekta litoke India au Poland. Kwa matrekta madogo pini za chini ni milimita 22 na ya juu 19. Saizi inayofuata ni 28 na 25. Tena nafasi kati ya pini mbili za chini ni kama sentimita 68 kwa ndogo na 82 kwa kubwa. Basi. Tofauti ya pini inazibwa na bushi ndogo, nje 28, ndani 22. Nafasi inazibwa kwa kusogeza mikono ndani na kukaza minyororo inayoizuia kuyumba. Ikishindikana, fundi anaunda fremu ya chuma: upande mmoja vipimo vya trekta, upande wa pili vya plau.

Wapo wanaokata mikono ya trekta na kuichomelea upya. Hapo mimi siko. Kesho trekta hilohilo litakodiwa na mwenye haro kubwa, utakata tena? Na ile pini ngumu ya kiwandani ukiichoma moto inapoteza ugumu wake. Guseni upande wa plau, trekta liacheni.

Sisemi bushi inamaliza kila kitu. Plau dogo nyuma ya trekta kubwa litapinda kabla injini haijakohoa, kwa hiyo ni gia nzito na mwendo wa pole. Fremu nayo inasogeza mzigo nyuma, pua ya trekta inakuwa nyepesi, itabidi kuongeza uzito mbele. Na fundi mwenyewe kaniambia bushi ya bomba la maji itasagika mapema. Sawa, isagike! Bora bushi inayosagika kuliko nondo inayokatika.

Tangu Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 tumekuwa hodari wa kuhesabu matrekta na pawatila. Pawatila ngapi ziliishia kuvuta matela? Na nani aliwahi kuhesabu bushi? Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Kusubiri kifaa kutoka huko msimu ukiwa umeanza ni kusubiri njaa. Lakini hapahapa Kibirizi mafundi wanafunga injini kwenye maboti ya mbao waliyoyaunda kwa mikono, na yanakwenda hadi Burundi. Watu hao washindwe na bushi? Wanachokosa ni karatasi yenye vipimo. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kuwachapishia mafundi ukurasa mmoja wa vipimo hakuhitaji mfadhili. Na mwenye trekta la kukodisha, unayedai hela kabla hujawasha injini, bebe basi na kopo la bushi na pini halisi.

Jana nilimpigia mzee simu. Bushi tatu zimeshachongwa, plau limerudi shambani. Dereva, anasema, bado anayo nondo kwenye kisanduku cha spana. Ya dharura.