Stashahada Isiwe Njia Isiyofika Mjini

Wahenga waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, walichukulia kuwa kibaba ni kile kile tangu mwanzo hadi mwisho. Hawakudhani kwamba mtu angejaza nusu, kisha aamriwe kumwaga yote na kuanza upya, eti kwa kuwa nafaka yake ilitoka ghala jingine. Ilhali hayo ndiyo yanayowapata baadhi ya vijana wetu wanaosomea saikolojia na unasihi katika vyuo vya kati, wakiwa na nia ya kujiunga na chuo kikuu baadaye.

Ndugu msomaji, natuanzie mbali ili tupate kuona karibu. Nchini Marekani kuna taasisi ziitwazo vyuo vya jamii. Kikongwe zaidi miongoni mwa vile vya umma kilianzishwa mjini Joliet, jimbo la Illinois, mwaka wa 1901. William Rainey Harper, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya upili ya mji huo, walitaka vijana wasome miaka miwili ya mwanzo ya elimu ya juu wakiwa karibu na kwao, kisha waendelee chuoni bila kurudia masomo.

Jimbo la California liliifanya fikra hiyo kuwa mpango rasmi mwaka wa 1960. Aidha, sheria iliyopitishwa huko mwaka wa 2010 ilifafanua mambo bayana. Mwanafunzi wa chuo cha jamii anayekamilisha krediti 60 za masomo yaliyoainishwa, na kutimiza masharti yake, hupewa nafasi katika mfumo wa California State University akihesabiwa kuwa amefika mwaka wa tatu. Hahakikishiwi kampasi aipendayo, lakini kwa kozi inayolingana na aliyoisoma, hawezi kudaiwa zaidi ya krediti nyingine 60 ili ahitimu.

Saikolojia imo katika mpango huo. Mwanafunzi hufundishwa utangulizi wa taaluma yenyewe, takwimu, mbinu za utafiti na misingi ya kibayolojia ya tabia ya binadamu. Zingatia kwamba kinachopimwa hapa si jina la chuo alikotoka mwanafunzi. Kinachopimwa ni somo lenyewe: limefundisha nini, kwa kina gani, na mwanafunzi amelifaulu vipi. Tena mwanafunzi huyajua hayo kabla ya kulipa karo.

Sisemi kwamba Marekani ni peponi. Mwaka wa 2017, taasisi inayolikaguia bunge la nchi hiyo shughuli za serikali ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kutoka chuo kimoja hadi kingine kati ya 2004 na 2009 walipoteza takriban asilimia 43 ya krediti zao. Hasara hiyo inatufunza kwamba nia njema haitoshi. Pasipo makubaliano ya maandishi baina ya vyuo, jasho la mwanafunzi huishia njiani.

Turejee nyumbani sasa. Waama, sheria hatukosi. Mwaka wa 2014 tulipata sheria ya kuratibu sifa zote za kielimu katika mfumo mmoja wa kitaifa, ili mtu aweze kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mwaka uo huo tulipata sheria ya wanasihi na wanasaikolojia. Hata hivyo, ngazi iliyochorwa kwenye karatasi haipandiki. Mwenye stashahada ya unasihi anaweza kupokewa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja, na katika kingine akaambiwa aanze mwaka wa kwanza, akae na waliotoka shule ya upili juzi, afundishwe tena yale aliyokwisha kutahiniwa.

Mimi hufundisha isimu, na tawi lake la isimunafsia huchunguza jinsi mtoto anavyopata lugha na jinsi mgonjwa wa kiharusi anavyoipoteza. Darasani mwangu nimewapata wanafunzi waliotoka vyuo vya kati, na sijaona sababu ya kuwadharau. Wengi wamekwisha kuketi na watu wenye majonzi na kuwasikiliza. Wanajua kwamba mama anayesema "nina mawazo" huenda anaeleza maradhi ambayo vitabu vyetu vya Kiingereza vimeyapa jina jingine kabisa. Ujuzi huo haufai kutupwa.

Wapo wenzangu wanaohofia viwango. Hofu hiyo ina msingi, kwani vyuo vya kati havilingani, na somo la takwimu hasa hufundishwa kijuujuu mahali pengi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni mtihani. Mwanafunzi na atahiniwe katika takwimu na mbinu za utafiti. Akifaulu, apande, akishindwa, arudie somo hilo pekee. Kumrudisha nyuma miaka miwili kwa udhaifu wa somo moja ni kumtoza mzazi karo mara mbili kwa bidhaa moja.

Isitoshe, nchi hii ina haja kubwa na wataalamu hawa. Baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 lililoua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi, na baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015, tulishuhudia jinsi majeraha ya nafsi yanavyodumu baada ya yale ya mwili kupona. Kila kijana anayekata tamaa kwa kuchoshwa na kurudia masomo ni mnasihi mmoja aliyepungua.

Kwa hivyo, natoa wito kwa seneti za vyuo vikuu vyetu, idara kwa idara, zichapishe orodha ya masomo ya stashahada yanayokubalika na mwaka ambao mwenye stashahada hiyo ataingia. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa shilingi ya kwanza katika chuo cha kati, ulizeni ni chuo kikuu gani kitakachoyahesabu masomo hayo, na mpewe jibu kwa maandishi. Chuo kisichoweza kuwajibu, msikipe mtoto wenu.